Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Kikundi cha Wakulima wa Choroko za Kilimo Hai

Ndugu wanachama, Assalaamu alaykum.

Mbegu, ukaguzi wa mashamba na zamu za ghala vilikwenda kama mlivyoona, sivirejei. Choroko zilizoletwa ni magunia 137 ya kilo 50, yaliyopokelewa 126. Wanachama 64, waliolipa ada 23. Mikutano minne, miwili haikutimia akidi.

Yale magunia 11 yasiyopokelewa yamezua maneno mengi. Uamuzi wa kuyakataa ni wangu, nami nausimamia. Tulipofungua gunia la kwanza tulikuta vumbi la kijivu katikati ya choroko. Ni mabaki ya vidonge vya fosfini vya kuulia bungua, wadudu wanaotoboa punje. Choroko yenyewe ilikuwa nzuri, punje hazikutobolewa, na najua wenyewe waliumia. Lakini kilimo hai, kisichotumia kemikali za viwandani, hakikubali vidonge hivyo. Kontena la futi 20 hubeba karibu tani 24, na sisi hatukufika hata tani 7. Kwa hivyo mzigo wetu unaungana na wa wenzetu humo, na ukichafuka tunawaharibia na wao. Cheti cha kilimo hai nacho ni kimoja kwa kikundi kizima. Waliosema tungepeta tu, kupeta kungeondoa vumbi, lakini daftari la ukaguzi ningelisaini kwa uongo. Sikuwa tayari.

Bungua hawaanzii ghalani. Hutaga mayai kwenye maganda yakiwa bado shambani, na anayengoja shamba zima likauke ndipo avune huwabeba hadi nyumbani. Chumeni maganda kila yanapokuwa meusi, muanike juu ya turubai. Tieni choroko na chumvi kavu kwenye chupa kavu ya kioo, mtikise, mngoje dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umepita asilimia 15. Isipoganda bado msifunge: mfuko wa tabaka tatu unataka 13 au chini, kwa hivyo leteni mpimiwe ghalani. Kila tabaka lifungwe peke yake, na mfuko usifunguliwe ovyo. Bungua hufa kwa kukosa hewa, ukifungua unawapa nyengine.

Haya yote yalifundishwa. Walikuja 14, na katika wenye magunia yale hakuna aliyekuja. Kila mara nimepita mwenyewe nyumba kwa nyumba kuwaita watu. Ada nazo ndizo zinazolipia cheti, na cheti hukaguliwa upya kila mwaka. 23 hawawezi kuwabeba 64.

Mwakani, Inshaallah, tunatarajia kuongeza kunde na mbaazi, na ghala kubwa zaidi fedha zikipatikana. Wanaodaiwa wamwone mshika fedha kabla ya masika.

Mwenyekiti