Mnawafundisha Kunyamaza

Kwa wauguzi na wakunga wa zamu, hasa ninyi mnaopokea wanafunzi wodini.

Wadogo zangu, salaam. Nimestaafu baada ya miaka 34 ya ukunga, na sikuwa na nia ya kumwandikia mtu barua. Lakini mwezi uliopita nilimsindikiza binti wa mdogo wangu kujifungua, nikaruhusiwa kukaa naye leba, wodi ya kujifungulia, na niliyoyaona yamenikosesha usingizi.

Mwanafunzi mmoja, sare imenyooshwa pasi vizuri, alikuwa anasikiliza kwa fetoskopu, kile chombo cha kusikilizia tumboni, mapigo ya moyo wa mtoto wa mama wa kitanda cha jirani. Akahesabu. Akahesabu tena. Nikaona uso umembadilika. Akamfuata sista wa zamu: "Sista, nimepata 96." Sote tunajua kwamba yanatakiwa yawe kati ya 110 na 160 kwa dakika. Jibu alilopewa, mbele ya kina mama wanne wenye uchungu, ni hili: "Nani kakutuma upime? Hata fetoskopu hujui kuishika, unaniletea namba!"

Mwanafunzi akarudi, akasimama ukutani, mikono nyuma. Nilipoinuka kusema, nikaambiwa msindikizaji asiyetulia atatolewa nje. Nikakaa, na nimejilaumu kwa kukaa. Baada ya kama nusu saa sista alikuja kusikiliza mwenyewe, ndipo mbio zilipoanza. Mtoto alizaliwa amechoka, ikabidi apumuliwe kwa ambu begi, ule mfuko wa kusukumia hewa. Alilia, Mungu ni mwema.

Baadaye nilimkuta yule mwanafunzi nje, bombani, ananawa uso. Akaniambia, "Bibi, nimalize tu nipate cheti, nitatafuta kazi nyingine."

Wadogo zangu, alikuwa sahihi! Na alichojifunza siku ile ni kwamba kuona tatizo na kulisema ni kosa. Kesho atakuwa peke yake zamu ya usiku, ataona presha ya mama inapanda, atafikiri mara mbili kabla ya kumwamsha daktari. Mtasema wauguzi wa siku hizi hawajiamini. Nani aliwavunja?

Hofu hiyo haiishii kwa mgonjwa. Nimewahi kusimamia mwanafunzi aliyejichoma sindano iliyotumika, akaficha kwa siku mbili kwa kuogopa kufokewa. Dawa za kinga ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na mapema zaidi ndiyo bora. Nilimgundua kwa sababu hakuwa anakula. Nikajiuliza usiku kucha ni nini nilichokuwa nikikifanya wodini hadi mtoto wa watu aone afadhali virusi kuliko sauti yangu. Kwa hiyo msidhani nawasema nikiwa juu ya mlima.

Mimi nilifundishwa tofauti, ndiyo maana sina kisingizio. Wiki yangu ya kwanza leba nilimpelekea mkunga wangu jibu la mapigo 84, natetemeka. Aliacha alichokuwa anafanya. Akanirudisha kitandani, akachukua mkono wangu wa kushoto akauweka kwenye kifundo cha mkono wa yule mama, na sikio langu akaliinamisha kwenye fetoskopu. "Sikiliza huku, hesabu na huku." Vilikuwa vinakwenda pamoja. Nilikuwa nahesabu mapigo ya mama. Akasogeza fetoskopu upande wa mgongo wa mtoto, na nikausikia ule mwendo wa haraka, 140. Haikumchukua dakika nne. Tangu siku ile sijawahi kuhesabu mapigo ya mtoto bila kushika mkono wa mama.

Msiniambie hamna muda. Kule hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, watoa huduma walifundishwa siku moja nzima jinsi ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua. Kwenye mdoli walifanya vizuri; kwa watoto wenyewe leba, mambo yakabaki yale yale. Wakabadili utaratibu, yakawa mazoezi ya dakika tatu hadi tano kila wiki, hapo hapo kazini, na kipindi kirefu zaidi mara moja kwa mwezi. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila 1,000 waliozaliwa. Dakika tatu, wadogo zangu. Kumfokea mtu kunachukua zaidi.

Najua mzigo wote si wenu. Sista mmoja anaachiwa wodi nzima na bado anakabidhiwa wanafunzi bila kupunguziwa hata kitanda kimoja. Vyuo vinadahili bila kuuliza hospitali ina nafasi ya wangapi. Nimeshahesabu wanafunzi 14 wamemzunguka mgonjwa mmoja, yule wa nyuma anaona visogo tu. Na nchi yetu inawaacha vijana wenye leseni nyumbani, au wanajitolea miezi bila hata nauli, wakati wodi hazina watu. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilisema dunia ina pungufu ya wauguzi milioni 5.8. Wenye fedha watakuja kuwachukua hawa hawa tunaowadharau, na tutawalaumu kwamba hawana uzalendo.

Mengine nayasema kwa kifupi. Usisaini kitabu cha vitendo cha mwanafunzi kwa kazi ambayo hukumwona akiifanya. Usimwachie wodi usiku ukaenda kulala. Mwanafunzi si wa kutumwa chai. Mpe nafasi ya kusema wakati wa kukabidhiana zamu, hata mgonjwa mmoja tu. Akikosea, mtoe pembeni. Akifiwa na mgonjwa kwa mara ya kwanza, kaa naye, usimwambie atazoea.

Na muwaite kwa majina. Wanasikia "wewe mwanafunzi" kutwa nzima, wakati kitambulisho kinaning'inia kifuani.

Yule mwanafunzi wa bombani amebakiza mwaka mmoja chuoni. Nilimwomba aumalize kwanza ndipo aamue, akaniitikia kwa heshima tu, sidhani kama nilimshawishi. Wiki ijayo wanabadilishana wodi. Huenda akaja kwako.

Dada yenu, mkunga mstaafu.