Barua kwa mpwa wangu ambaye mswada wake umerudishwa

Mpwa wangu mpendwa,

Ujumbe wako wa juzi nimeusoma mara mbili, na maoni ya mhakiki wa jarida uliyoyaambatisha nimeyasoma mara tatu. Naona kinachokuuma si kule kurudishwa kwa mswada, bali yale maneno mawili aliyoyatumia: "maelezo tu". Anasema umeonyesha kwamba kromosomu, zile nyuzi zinazobeba jeni ndani ya seli, za wagonjwa wako wa saratani ya damu zina kasoro inayojirudia, lakini hukueleza kasoro hiyo inafanya nini ndani ya seli, kwa hiyo kazi haijaiva. Nimeamua kukujibu hadharani kwa sababu vijana wengi wa maabara wameshaambiwa hivyo hivyo, na kwa sababu jibu langu linapitia kwenye makala fupi ya kurasa 4 iliyotoka tarehe 1 Juni 1973 katika jarida la Nature, makala ambayo kwa kipimo cha mhakiki wako nayo ingekuwa maelezo tu.

Aliyeiandika, tena peke yake, ni Dkt. Janet Rowley wa Chuo Kikuu cha Chicago. Ili uione kazi yake ilivyokuwa, kumbuka hali aliyoikuta. Mwaka 1960, Peter Nowell na David Hungerford, wakiwa Philadelphia, walikuwa wameona kromosomu moja ndogo isiyo ya kawaida katika seli za wagonjwa wa lukemia sugu ya mieloidi, aina ya saratani ya damu ambayo chembe nyeupe za damu huongezeka polepole kwa miaka kabla ya kugeuka kuwa kali. Ilikuwa mara ya kwanza aina moja ya saratani kufungamanishwa na kasoro moja mahususi ya kromosomu, nayo ikaitwa kromosomu ya Philadelphia. Kwa zaidi ya miaka kumi wataalamu waliamini kwamba kipande chake kimepotea, basi. Usiwacheke. Wakati huo kromosomu zilipakwa rangi zikawa nyeusi mwili mzima, na mtu alizitofautisha kwa urefu na umbo pekee. Kipande kidogo kikihamia kwenye kromosomu kubwa, nani angekiona? Zaidi ya hayo, wengi walishika kwamba vurugu za kromosomu katika saratani ni matokeo ya ugonjwa na wala si chanzo, na mtu aliyeshika hivyo hana sababu ya kutafuta kilikokwenda kipande.

Mambo yalibadilika pale Torbjörn Caspersson na wenzake kule Uswidi walipoonyesha kwamba dawa ya kwinakrini, chini ya hadubini ya mwanga wa urujuanimno, huzipa kromosomu mistari inayong'aa na kufifia, na kwamba kila kromosomu ina mpangilio wake. Rowley alijifunza mbinu hizo Oxford alipokuwa huko mwaka 1970 na 1971. Aliporudi Chicago alipiga picha za seli, akazibeba nyumbani, akazikata kwa mkasi juu ya meza ya chakula na kuzipanga jozi kwa jozi. Alikuwa mama wa watoto wanne wa kiume, na kwa miaka mingi alifanya kazi siku chache tu kwa wiki. Watoto walimtania kwamba analipwa kwa kucheza na wanasesere wa karatasi, naye aliwaonya mtu asipige chafya karibu na meza. Kisa hiki hupendwa sana kusimuliwa, na mimi nakitaja kwa sababu moja: ukataji ule wa mkasi ndio kazi yenyewe iliyofanyika. Hapakuwa na jaribio la kuzuia jeni, hapakuwa na panya, wala protini iliyosafishwa.

Hata ushindi wake wa kwanza haukupokewa kwa vigelegele. Mwaka 1972 alikuwa ameshaona, kwa wagonjwa wa aina nyingine ya lukemia iliyo kali, kwamba kromosomu namba 8 na namba 21 zimebadilishana vipande. Jarida moja kubwa la tiba la Marekani liliukataa mswada huo, nao ukachapishwa mwaka 1973 katika jarida la Kifaransa la jenetiki. Kwa hiyo uko katika kundi zuri, ingawa sikushauri ujifariji kwa hilo peke yake, kwa maana miswada mibovu nayo hukataliwa.

Sasa ifungue makala ya Nature uisome pamoja nami. Rowley anasema amechunguza seli za wagonjwa 9 waliofuatana. Simama hapo kwenye neno "waliofuatana". Maana yake hakuchagua waliomfaa na kuwaacha wengine; alichukua kila aliyekuja, na wote 9 walikuwa na kasoro ileile. Idadi ni ndogo mno, hilo halina ubishi, lakini 9 kati ya 9 bila kuchagua ina uzito kuliko 30 waliookotwa kwenye kabati la sampuli kwa vigezo visivyotajwa. Kisha anaeleza alichokiona: kromosomu namba 22 imepungua mkono mrefu, yaani upande wake ulio mrefu zaidi, kama ilivyojulikana, lakini kwenye ncha ya mkono mrefu wa kromosomu moja namba 9 kuna kitu cha ziada, chenye mng'ao hafifu, ambacho hakuna aliyekuwa amekishuku. Halafu inakuja hatua ambayo mimi huiona ndiyo kiini cha makala nzima: analinganisha kiasi. Kilichoongezeka kwenye namba 9 kinakaribia kulingana na kilichopungua kwenye namba 22. Kutokana na ulinganifu huo, na huo tu, anaandika kwamba huenda pametokea uhamisho wa kipande ambao haukuwa umegunduliwa.

Huenda. Mwanamke huyu alikuwa amekalia jambo ambalo lingebadili fikra za watu kuhusu saratani, naye akaandika huenda, kwa kuwa mistari ya kwinakrini haikumruhusu kuandika zaidi.

Utaratibu ambao mhakiki wako anautaka, yaani maelezo ya namna kasoro inavyofanya kazi ndani ya seli, ulikuja baadaye, na ulikuja kwa mikono ya watu wengine. Mwaka 1982 watafiti walionyesha kwamba jeni iitwayo ABL, ambayo makao yake ni kromosomu namba 9, huhamia namba 22 katika ugonjwa huu. Miaka miwili baadaye wakafahamu mahali namba 22 inapokatikia, pakaitwa BCR. Jeni ya ABL na jeni ya mahali hapo zikiungana hutoa protini moja, kimeng'enya kisichojua kuzimika, ambacho huiamuru seli kuendelea kugawanyika hata pasipo sababu. Mwaka 1990 panya waliowekewa jeni hiyo ya mseto walipata ugonjwa unaofanana na wa binadamu, na hoja ya chanzo na matokeo ikapata jibu. Brian Druker na wenzake wakaonyesha mwaka 1996 kwamba kemikali inayokiziba kimeng'enya hicho huziua seli zenye kasoro. Majaribio kwa wagonjwa yakaanza 1998, na kemikali hiyo, kwa jina la dawa imatinibu, ikaidhinishwa Marekani mwaka 2001. Katika jaribio la awali, kati ya wagonjwa 54 waliopewa miligramu 300 au zaidi kwa siku, hesabu za damu za wagonjwa 53 zilirudi katika hali ya kawaida. Wale waliofuatiliwa kwa takriban miaka kumi katika jaribio kubwa lililofuata, asilimia 83.3 walikuwa hai. Hapo kabla, watu wa ugonjwa huu walihesabiwa miaka michache.

Kutoka ile makala ya kurasa 4 hadi kidonge ni miaka 28. Je, mhakiki wa mwaka 1973 angedai utaratibu kwanza, tungesubiri nini, na nani angejua pa kuchimba? Waliopata ABL walijua pa kuangalia kwa sababu kulikuwa na anwani: namba 9 na namba 22.

Kuna mfano mwingine unaonipendeza zaidi, kwa kuwa unawavuruga wanaoamini kwamba sayansi hutembea kwa mstari ulionyooka. Mwaka 1977 Rowley na wenzake walieleza uhamisho kati ya kromosomu namba 15 na 17 katika lukemia kali ya promielositi, ugonjwa uliokuwa ukiua upesi kwa kuvuja damu. Mwaka 1988 madaktari wa Shanghai walichapisha matokeo ya kuwapa wagonjwa 24 asidi inayotokana na vitamini A, na karibu wote walipata nafuu kamili bila kuongezewa dawa nyingine. Ni baada ya hapo, mwaka 1990, ndipo ilipogunduliwa kwamba jeni inayokatika kwenye namba 17 ni ya kutengeneza kipokezi cha asidi hiyohiyo, yaani protini ya seli inayoipokea. Maelezo yalitangulia, tiba ikafuata, na utaratibu ukaja mwisho kabisa.

Nimesema ya kukutetea, sasa niruhusu nikuudhi kidogo, maana mjomba wako nimekaa kwenye hadubini miaka mingi kuliko umri wako. Mhakiki amekosea katika sababu aliyoitoa, lakini mswada wako una dosari ambazo yeye hakuzitaja. Hujasema popote wagonjwa wako ulivyowapata. Kama walifuatana, andika kwamba walifuatana, na utaje tarehe ya kwanza na ya mwisho; kama uliwachagua, taja vigezo, na useme wangapi uliwaacha. Picha ya mgonjwa wa tatu ni ya seli zilizobanana, na mistari ya kromosomu haisomeki. Ukiwa na seli iliyotawanyika vizuri zaidi kwenye kioo kilekile, itumie hiyo. Hukulinganisha kiasi kilichopotea na kilichoongezeka, na vipimo unavyo, nimeviona kwenye jedwali lako la nyongeza. Tena katika aya ya mwisho umeandika "imethibitika kwamba kasoro hii husababisha ugonjwa". Nani aliyethibitisha? Naamini sentensi hiyo ndiyo iliyomfanya mhakiki akudai utaratibu, kwa sababu wewe mwenyewe ulimwahidi.

Ifute, uandike huenda, kisha unitumie mswada kabla hujaupeleka kwenye jarida lingine. Hiyo picha ya mgonjwa wa tatu nitaiangalia mimi mwenyewe.

Mjomba wako