Mbona unga wako hautoki leo?

Tanga ni waja leo waondoka leo, lakini unga wa fuwele za nano, yaani chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, hauondoki leo. Mteja anashusha kiroba asubuhi hapa Ngamiani, jioni anataka apande nacho basi, utadhani kaleta mahindi.

Kinu chetu hakina jiwe wala nyundo. Ni kopo nene lenye gololi ngumu, linazunguka lenyewe huku sahani iliyolibeba ikizunguka kinyume chake. Chembe ikinaswa kati ya gololi inapondwa, inapasuka, inagandana na wenzake, inapasuka tena. Kwa kila gramu ya unga tunaweka gramu 10 za gololi, kwa hiyo gololi za kilo nzima zinasaga gramu 100 tu. Bei yetu inaanzia hapo. Kopo likipata moto tunazima, tunangoja lipoe.

Lawama tunayoisikia sana: "Mbona ukiushika una chengachenga?" Vidole vinashika mabonge, bwana, si fuwele. Fuwele zikishuka chini ya nanomita 100 (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita) hupenda kushikana. Kinachozipima ni eksirei: mistari ya mchoro wake iliyokuwa myembamba hunenepa kadiri fuwele zinavyopungua, ingawa hata fuwele iliyopindapinda kwa kipigo huinenepesha kidogo.

Na sisi tumewahi kuharibu. Kaolini ya Pugu, ule udongo mweupe pee, tuliisaga usiku kucha kwenye kopo la chuma. Asubuhi tukafungua: kijivu kama jivu la mkaa. Gololi zilikuwa zimelika, chuma kimeingia kwenye mzigo wa watu. Tulilipa. Sasa mzigo mweupe unaingia kwenye kopo la zikonia, kauri ngumu isiyo chuma, ghali kidogo, lakini usingizi unakuja.

Wanaotaka fosteriti, madini ya magnesia na silika, kwa gramu 100 leteni magnesia (oksidi ya magnesi) gramu 57 na silika (ile ya mchanga mweupe) 43, vyote vikavu. Kinu kinavichanganya mpaka vinakaribiana kabisa, kisha tanuri la nyuzi kama 1,000 linamalizia. Msituombe tuoshe chuma kwa asidi baadaye. Asidi inaila fosteriti yenyewe. Mkija kuchukua, vaeni barakoa, vumbi la silika halitoki mapafuni.

Tena mtuambie mnaupeleka wapi. Kama ni wa chokaa ya kupaka ukutani, nano ya nini? Kinu cha kawaida kinatosha, na hela yako utabaki nayo.