Barua kwa mwanangu kuhusu mkono mmoja

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, hasa pale ulipoandika kwamba usawa wa mataifa ni porojo, kwa kuwa umeona kwenye televisheni wajumbe wengi wa Baraza la Usalama wakinyoosha mikono kuunga mkono azimio, kisha mmoja akanyoosha wake kupinga, na mambo yakaishia hapo. Sitakukemea kwa hasira hiyo, maana hata mimi ninayo.

Mkono ule haukunyooshwa kwa bahati mbaya. Umeruhusiwa na Mkataba wa Umoja wa Mataifa uliotiwa saini San Francisco mwaka 1945, mkataba uleule ambao ibara yake ya 2 inatamka kuwa wanachama wote ni sawa kimamlaka. Waasisi walikuwa 51, na kutoka Afrika walikuwa wanne tu: Misri, Ethiopia, Liberia na Afrika Kusini, huyo wa mwisho akitawaliwa na Wazungu wachache. Leo wanachama ni 193, Afrika peke yake ikiwa na 54, ilhali viti vya kudumu vyenye kura ya turufu, ile ambayo mmoja akiipiga azimio huanguka, ni vilevile vitano, vya Marekani, Urusi, China, Uingereza na Ufaransa. Mwaka 2005 Umoja wa Afrika ulikubaliana kudai viti viwili vya aina hiyo. Lakini soma ibara ya 108: Mkataba haubadilishwi mpaka theluthi mbili ya wanachama waridhie, wakiwemo hao watano wote. Anayenufaika na mlango kufungwa ndiye aliyekabidhiwa ufunguo. Katika Shirika la Fedha la Kimataifa nako maamuzi mazito huhitaji asilimia 85 ya kura, na Marekani pekee ina zaidi ya 16. Hesabu hiyo unaiweza.

Wengi huishia hapo, nami sitaki nawe uishie hapo. Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu lilipitishwa tarehe 10 Desemba 1948 kwa kura 48, bila hata moja ya kupinga, wanane wakijizuia kupiga kura. Ibara yake ya 28, ambayo hainukuliwi sana, inampa kila mtu haki ya kuwa na mfumo wa kijamii na wa kimataifa ambamo haki zote zilizotajwa humo zinaweza kutimizwa. Tazama mwenye haki ni nani: ni mtu, si serikali. Kwa hiyo kiongozi anayedai kiti mezani kwa jina la wananchi wake, huku nyumbani akiwafunga wanaomkosoa na kuchakachua kura zao, anatumia jina ambalo hakukabidhiwa. Nimewasikia wa namna hiyo wakiulaani ubeberu kwa ufasaha mkubwa. Waliyoyasema yalikuwa kweli, na hilo ndilo lililonisumbua zaidi. (Wala wenye turufu wasidhani nimewasahau, wao wanaoorodhesha makosa ya mahasimu na kuyafumbia macho ya marafiki.)

Tangu Aprili 2022, kila turufu inapopigwa, Baraza Kuu, lenye wanachama wote, hukutana ndani ya siku kumi za kazi kuijadili. Turufu haifutiki kwa mjadala, na maazimio ya Baraza Kuu kwa kawaida hayamlazimishi mtu. Hata hivyo, siku ya kupiga kura mle ukumbini, tazama ubao wenye taa za kijani, nyekundu na njano: taa ya Tuvalu, nchi ya visiwa vidogo katika Pasifiki, ni kubwa sawasawa na ya China. Mimi huutazama ubao ule kwa makini kuliko hotuba.

Umeuliza kama kuna maana ya kuendelea kusomea sheria za kimataifa. Endelea. Ukija likizo, niletee nakala mpya ya Mkataba. Hii yangu imechakaa kurasa za mwisho, hasa ule wenye ibara ya 108.

Mama yako