Mdogo wangu, kuhusu lile gunia

Assalaam alaykum. Ujumbe wangu wa simu huufungui, ila nasikia hapa unapita kusoma. Basi nakuandikia hapahapa, na wengine watanivumilia.

Arobaini ya mama tuliisoma Jumamosi iliyopita, hapa Ujiji. Watu walijaa mpaka barazani kwa jirani. Pilau ilitosha, hata shangazi yetu yule asiyekosa la kusema safari hii alikosa. Kila aliyekuja alikuulizia, nami nikawaambia uko mbali na tiketi ni ghali. Sikuwaambia kuwa hutaki kulala nyumba moja na mimi. Pesa zako zilifika, Mungu akuzidishie. Lakini pesa hazibebi jeneza.

Huko uliko bado unasimulia kuwa dada yako ndiye aliyekukata mkono. Haya, tuseme yote.

Tarehe 2 Novemba 2015 Nkurunziza, rais wa Burundi wakati ule, alitoa siku tano. Mwenye silaha airudishe kabla ya Jumamosi kwisha, asiyerudisha atahesabiwa adui wa taifa. Siku zilezile rais wa Seneti alikuwa amewazungumzia wakuu wa mitaa habari ya "gukora", kufanya kazi. Sisi tuliokuwa na akili timamu mwaka 1994 tulijua kazi hiyo ilikuwa nini ng'ambo ya mpaka, Rwanda. Na wiki hiyohiyo, mimi nafagia chumba cha mama, ufagio unagonga kitu ndani ya gunia la mchele chini ya kitanda.

Chini ya kitanda cha mama! Ulikuwa na chumba chako Nyakabiga, mtaa mwingine wa Bujumbura, na kitanda chako. Ukaleta Buyenzi, kwa mjane.

Ndiyo, najua ulikoinunua. Tangu vita viishe bunduki zilikuwa zimelala majumbani kama majembe, na kila mtaa una aliyeachishwa jeshi anayejua ya kuuza iko wapi. Sikushangaa kwamba ipo. Nilishangaa kwamba iko kwetu.

Ningefanyaje? Niipeleke polisi? Wangeandika jina, na jina likishaandikwa hakuna anayelifuta. Niiache? Tarehe 8 walianza msako mtaa wa Mutakura, nyumba kwa nyumba. Wewe hukuwa unapokea simu, ulikuwa na wenzako. Kwa hiyo nilikunja kile kitako chake, nikailaza kwenye beseni kubwa la bluu, nikaweka mashuka ya mama juu na kipande cha sabuni juu ya mashuka, nikajitwika. Haikuwa nzito, nimewahi kubeba ndoo za maji nzito kuliko ile. Kwenye kona kulikuwa na askari wawili wanakula karanga. Mmoja akanisalimia. Nikamwitikia. Mto Ntahangwa ulikuwa umejaa, maji mekundu ya mvua, na wanawake wengine walikuwa wamekata tamaa ya kufua wakarudi. Mimi nikabaki. Baadaye nikayafua yale mashuka kwelikweli, maana nisingerudi nayo makavu.

Ukaja Jumamosi baada ya Magharibi. Nilisikia unavuta gunia. Ukatoka umesimama mlangoni, jasho, saa ya marehemu baba inateleza kwenye mkono, ukaniuliza mbele ya mama: "Dada, wamekulipa faranga ngapi?"

Kofi ningelisahau. Hilo sijalisahau. Mimi niliyekubeba mgongoni miaka ile ya tisini, mtaa unawaka! Mama akasema tu, "Kuleni, chakula kinapoa."

Unasema ningekuachia ile bunduki, rafiki yako, yule kinyozi, angekuwa hai. Namlilia na mimi, alikuwa ananyoa watoto wangu bure. Lakini hesabu hiyo inatoka wapi? Mei 13 mwaka uleule Jenerali Niyombare alitangaza redioni kuwa amempindua Nkurunziza, mkacheza barabarani na matawi mikononi. Yule alikuwa na wanajeshi na magari ya vita, na hakumaliza siku mbili. Na tarehe 11 Desemba, waliozivamia kambi za jeshi walikuwa na silaha kuliko wewe. Jeshi lenyewe lilihesabu maiti 87, likasema 79 ni za maadui. Kinyozi yumo kwenye hao 79? Alikutwa mikono imefungwa nyuma. Angekutwa na ile bunduki yako kando yake, serikali ingekuwa na picha ya kuonyesha. Wewe na gunia lako mngewapa sababu waliyokuwa wanaitafuta.

Nimelisema hili mara nyingi, nikiosha vyombo, nikiwa njiani kwenda sokoni. Siku zote nakushinda.

Ila kuna jambo sijakwambia. Ijumaa ile ya Desemba risasi zilianza alfajiri, kwenye saa kumi, tukalala sakafuni mimi na mama, godoro juu yetu. Kulipopambazuka tukasikia mabuti upande wa barabara, na mlango wa mtu unavunjwa. Mama akanishika kiwiko, akaninong'oneza sikioni, "Kile cha kwenye gunia, kilete."

Alijua. Wiki zote zile alikuwa analala juu yake na anajua. Na mimi, niliyeitupa kwa ajili yake, mkono wangu ulikuwa umeshatangulia chini ya kitanda kabla akili haijakumbuka. Nilipapasa. Nikakuta kandambili.

Nikamdanganya. Nilimwambia umekuja usiku ukakichukua. Akasema Alhamdulillahi, akatulia. Mabuti yakapita.

Kwa hiyo alipokuwa anakuuliza kwenye simu, kila mara, hata mwaka huu sauti ikiwa imeshakauka, "Mwanangu, kile kitu bado unacho?", hakuwa anauliza saa ya baba. Nilikuwa nimekaa pembeni yake nikikusikia unavyocheka na kumjibu, "Ninacho mama, nimekivaa."