Watoto wetu wafundishwe upinde kabla wazee hawajaisha

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo lililoniuma mwezi uliopita. Nilikuja Dodoma mjini kumwona daktari wa macho, nikapitia kwenye maonesho fulani ya utamaduni. Kijana mmoja alikuwa amevishwa ngozi na kusimamishwa mbele ya watu na upinde mkononi, mtangazaji akasema huyu ni mwindaji wa Kisandawe. Uzi wa upinde ulikuwa wa nailoni, umelegea kama kamba ya kuanikia nguo. Alivuta mpaka nusu ya kifua, akaachia, mshale ukaanguka hatua tano mbele yake. Watu wakashangilia na kupiga picha. Kijana simlaumu. Hakuna aliyemfundisha, na waliomvisha ngozi hawakuona kama kuna kitu cha kufundishwa.

Mimi ni Msandawe wa Farkwa, Wilaya ya Chemba, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Upinde nilifundishwa na mjomba wangu kuanzia mwaka 1966, nikiwa na miaka 11.

Masika yote ya kwanza sikupewa mshale. Nilipewa upinde wa mkole uliolingana na kimo changu, na kila asubuhi kabla ya uji niliuvuta na kuurudisha taratibu, bila kuachia, maana upinde ukiachiwa mtupu huvunjika. Mjomba alitaka dole gumba langu liguse pembe ya taya, pale pale, kila mara. Likigusa shavu leo na kidevu kesho, alisema, na mshale nao leo utakwenda huku na kesho kule. Alisimama nyuma yangu akanibonyeza kati ya mabega kwa vidole viwili: nguvu itoke hapo, siyo mkononi. Hata leo nikiinua ndoo ya maji huwa navihisi vile vidole.

Kiangazi alichukua majivu akachora pofu kwenye kichuguu nyuma ya nyumba. Pofu si mnyama mdogo. Dume lililokomaa linaweza kufika kilo 900. Katika mwili wote huo akaniwekea alama moja ya ukubwa wa kiganja, nyuma tu ya mguu wa mbele. Hapo ndipo penye mapafu. Ukisogea mbele kidogo unakuta mfupa wa bega, na mshale hauupiti. Ukisogea nyuma unakuta tumbo, na mnyama aliyefumwa tumboni hutembea na mateso yake kutwa nzima. Kila asubuhi nilipewa mshale mmoja. Napiga mwili ukiwa wa baridi, usingizi bado machoni, nakwenda kuuchomoa kichuguuni, basi, mpaka kesho yake. "Mjomba," aliniambia, kwani mjomba na mpwa huitana hivyo, "pofu hatakungoja upige kwanza wa kujaribia."

Baadaye nilipiga nikiwa nimepiga magoti, nikiwa na shuka begani, nikiwa natweta baada ya kukimbia kutoka mtoni. Umbali aliuongeza hatua moja moja. Nikikosa alama mara moja katika mara tano, narudishwa hatua tano. Kwa miaka minne sikuvuka hatua 25.

Mwaka 1971, serikali ikiwa bado haijasitisha uwindaji kama ilivyofanya mwaka 1973, mjomba alikuwa na kibali cha pofu mmoja. Nilikuwa na miaka 16 na wenzangu walikuwa wananitazama. Nilipiga nikiwa zaidi ya hatua 40. Mshale ukaingia tumboni, na haukuwa na sumu, kwa sababu mwanafunzi hakupewa sumu. Tulimfuata yule pofu siku mbili, tukisoma damu kwenye majani, damu nyeusi iliyochanganyika na majani aliyokula. Tulimkuta chini ya mgunga karibu na mto Bubu, amepiga magoti ya mbele, masikio bado yanacheza akifukuza nzi. Mjomba alimmaliza kwa mkuki. Hakusema neno mpaka nyumbani. Alichukua upinde wangu akauchomeka darini juu ya jiko, ukakaa hapo kwenye moshi mpaka masika iliyofuata ilipokwisha.

Mpwa wangu anayeishi Marekani ameniambia kuwa kule Alaska kuna mnyama aitwaye moose, wa jamii ya kulungu, pembe zake zimetandaa kama mabeleshi, dume likipita kilo 500. Anayemwinda kwa upinde anatakiwa na sheria awe na upinde wenye nguvu ya kuvutwa isiyopungua ratili 50. Wawindaji makini hujizoeza miezi mingi kabla ya msimu, wakivaa koti lile lile zito watakalovaa porini, ili uzi usije ukanasa kwenye mkono wa koti. Nilipoyasikia hayo nilikumbuka shuka yangu begani.

Siombi mtu aruhusiwe kuwinda. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuwinda bila kibali, nami naiunga mkono. Ninachoomba ni mazoezi yale yarudi, shabaha ikiwa kichuguu au gunia la majani. Miaka yote niliyopeleka wanafunzi kwenye michezo ya shule tulikimbia, tukacheza mpira wa miguu na netiboli. Upinde sikuuona hata siku moja. Wakati kwenye Olimpiki upo: wanapiga kutoka mita 70, na duara la katikati lina upana wa sentimita 12 na ushee, ambao kwa macho yangu ni kile kiganja cha mjomba.

Niliwahi kuwapeleka wanafunzi Kolo, Kondoa, kwenye michoro ya miambani iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Wakaona wanyama, wakaona na watu wenye pinde. Mtoto mmoja akaniuliza, "Mwalimu, wewe unaweza?" Nilimjibu ndiyo, lakini shuleni hatukuwa na upinde hata mmoja, wala kipindi cha kumwonyesha.

Maofisa elimu na maofisa utamaduni wa wilaya zetu wawafuate wazee wangali hai. Kwa hapa kwetu nawajua watatu, na mmoja haoni tena. Wawalipe posho kama wanavyomlipa mwezeshaji wa semina yoyote. Mkole upo porini, gharama yake ni panga na nusu siku ya kutembea.

Mimi nimeshaanza. Jumamosi wanakuja watoto wanne nyuma ya nyumba yangu. Juzi binti wa miaka kumi, ambaye dole gumba lake sasa linakaa kwenye taya bila kukumbushwa, ameniuliza mshale atapewa lini. Nimemwambia masika ikiisha.

Mwalimu mstaafu,
Farkwa, Chemba, Dodoma