Mama, washenga wakija waambie

Glasgow, Jumapili jioni

Mama yangu, mbukwenyi! Shikamoo.

Sauti uliyonitumia Alhamisi nimeisikiliza mara nne. Habari ya mvua imenifurahisha, ya mbuzi wa jirani imenichekesha, ila ile ya mwisho ndiyo iliyonifanya niweke simu chini nitafute karatasi. Ulishusha sauti kama unayeogopa mtu ukutani: "Mwanangu, wagonjwa wawili, nani atamuuguza mwenzie?" Ukaongeza kwamba washenga wakija, mambo ya Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, yasiguswe, maana Warangi watageuza gari na ng'ombe wao.

Nakujibu kwa barua kwa sababu kwenye simu utanikatisha. Ataileta yule kijana wa mtaa wa Kikuyu, hapo Dodoma, anayerudi wiki ijayo, pamoja na miwani ya baba mkubwa.

Kwanza ucheke kidogo. Mama yake Mrangi, mchumba wangu, naye alipiga simu juzi kutoka Haubi, kule Kondoa. Nilikuwa jikoni, nikamsikia kwa masikio yangu: "Hao Wagogo wasijue kama uliumwa, watatunyima binti." Kwa hiyo Kondoa wanaficha, Dodoma mnaficha, washenga watakaa sebuleni kila upande umebana siri yake chini ya kiti, na sisi wenyewe huku tunajuana hadi rangi za vidonge. Na mimi kumbe kilichokuwa kinanitisha ni yeye kuwa Mkatoliki na sisi Waanglikana!

Halafu Mama, mimi Mirembe sijawahi kulazwa, unajua. Lakini kwetu ukiumwa akili, uwe umelazwa hujalazwa, wewe ni wa Mirembe. Hospitali ipo tangu 1927, imepokea watu wa kila kona ya nchi, na shukrani tuliyoipa ni kuligeuza jina lake kuwa tusi la watoto wa shule. Na mimi nililitumia hilo tusi, tena sana, kabla halijanirudia.

Ugonjwa wangu uliuona ulivyoanza. Siku tano sikulala, nikagawa vitenge vyako kwa wauza karanga pale stendi, nikakuambia tutajengewa ghorofa. Ukanipeleka kwenye maombezi wiki tatu. Sina kinyongo. Ungefanyaje, na mimi nilikuwa naimba kuliko kwaya nzima? Huku wanauita baipola: kuna kipindi napanda, kuna kipindi nashuka, na katikati hapo ni mimi mwanao wa siku zote. Wa Mrangi ni sonona. Usiulize kinachomhuzunisha, alishaulizwa sana. Huzuni ukiipa pole inapungua. Yeye ukimpa pole anakuambia asante, na anaendelea kutazama ukuta.

Hapa Glasgow mwezi Desemba jua linazama saa kumi kasoro robo, chakula cha mchana bado kiko kooni. Juni linazama saa nne usiku, na saa kumi na nusu alfajiri limeshachomoza. Giza linamkandamiza yeye, mwanga unanipandisha mimi. Basi tumegawana mwaka: majira ya baridi namwangalia, kiangazi ananiangalia. Na mimi pale kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi niliomba zamu za mchana tu, usiku sigusi hata wakiongeza hela.

Sasa nikueleze jambo la chumvi, maana hili ndilo ninalotaka ulishike.

Dawa yangu ni lithiamu. Yenyewe ni chumvi, Mama, chumvi ya madini, kama ndugu wa ile wanayoikwangua Bahi. Inanisaidia kweli, ila inataka ipimwe kwenye damu, kwa sababu ikipungua haifanyi kazi na ikizidi ni sumu. Yangu daktari anataka icheze kati ya 0.6 na 0.8. Na figo zetu zina tabia moja: ukipunguza chumvi ya jikoni, zinaing'ang'ania na ile ya dawa, haitoki, inajazana mwilini.

Mwaka juzi mwezi wa kumi na moja nilipimwa, kipimo kikawa kimeruka. Nesi akaniuliza, umetapika? Hapana. Umeharisha? Hapana. Umemeza dawa za maumivu? Hapana. Umebadilisha chakula? Nikataka kusema hapana, nikakwama. Mrangi ndiye mpishi wa nyumba yetu, na wiki kama tatu hivi mboga zilikuwa chapwa. Nilidhani anaogopa presha, watu wa umri wake walishaanza kutishana kazini. Nikawa nakula tu.

Nikarudi nyumbani nikamkuta anakoroga mlenda (wa kukausha, ule uliotuma wewe). Nikaonja. Hauna kitu. Nikamuuliza, "Chumvi umeweka?" Akaangalia sufuria, akaangalia kopo la chumvi, mwiko umesimama hewani. Akasema, "Sijui." Hakuwa anakwepa. Hakujua kweli. Kwa wiki tatu alikuwa anapika, anapakua, anakula, na ulimi hauna habari. Ndevu zilikuwa zimeota, nikafikiri ni fasheni. Damu yangu ilijua Mrangi anaumwa kabla mimi sijajua.

Tulikaa sakafuni pale pale. Asubuhi akapiga simu kwa daktari wake mwenyewe, mimi nikakaa pembeni tu.

Tangu hapo friji yetu ina karatasi mbili. Yangu inasema: akianza kuongea Kigogo na watu wasiojua Kigogo, akinunua vitambaa, akisema usingizi ni kupoteza muda. Yake inasema: chumvi, ndevu, akijibu kila kitu "sawa tu". Na tumekatazana neno "umeanza tena". Mtu akiona dalili kwa mwenzie anauliza swali moja: "Jana umelala saa ngapi?" Basi. Hilo swali halina dharau, na mtu akitaka kudanganya inabidi atafute saa ya kutaja.

Nisikuongopee nikakuonyesha mazuri tu. Mwaka jana mwezi wa pili tuliumwa pamoja. Yeye yuko kitandani siku ya tatu, mimi nimepanda, na nilivyokuwa napanda nilijiona ndiye mkombozi wake. Saa tisa usiku nimetoa vyombo vyote kabatini, nimeagiza mapazia kumi na manne kwa simu (nyumba ina madirisha matatu), nampigia kelele kuhusu shamba la zabibu tutakalonunua Hombolo. Alipokaa kimya nikamwita mvivu. Nikamwita na mengine ambayo sitayaandika kwenye karatasi ya kusomwa na wewe. Akainuka amejifunga blanketi, akapita mbele yangu bila neno, akafungua kile kiboksi changu cha dawa chenye vyumba vya siku saba. Jumatano ipo. Alhamisi ipo. Ijumaa ipo. Akakigeuza nikione. Mtu ambaye kwenda chooni kulikuwa kunamshinda alikuja kuhesabu vidonge vyangu.

Hatukuweza kushikana usiku ule, Mama, hapo uko sahihi. Ndiyo maana kuna mtu wa tatu. Kuna mama mmoja wa Tanga tunasali naye, ana ufunguo wetu. Mrangi alimpigia, akaja na teksi, akanipokonya kadi ya benki, akapika uji, akalala kwenye kochi siku mbili mpaka nikaonwa na daktari. Swali lako la nani atamuuguza nani jibu lake la ukweli ni huyo. Hata ninyi huko hakuna ndoa inayojiuguza yenyewe, au nani alikuwa anakukandia maji ya moto kila ukijifungua, ni Baba?

Kuna na maandishi. Sheria ya Uskoti ya 2003 inamruhusu mgonjwa, akili ikiwa imetulia, aandike namna anavyotaka atibiwe siku akizidiwa. Anasaini mbele ya shahidi. Mimi nimeandika dawa ninayoikubali na ile iliyonifanya nisimame kama gogo. Mrangi kaandika wasimwache peke yake chumbani hata akiomba.

Sasa la washenga. Mimi sikubali lifichwe, na sababu yangu si utakatifu. Mwulize baba mkubwa, yeye alikuwa karani wa mahakama: Sheria yetu ya Ndoa ya 1971 inasema ndoa inaweza kubatilishwa kama wakati wa kuifunga mmoja alikuwa na vipindi vya kichaa au kifafa vinavyojirudia. Tukificha, tutakuwa tumempa fimbo yeyote atakayetaka kutugombanisha baadaye. Aliyeambiwa tangu siku ya posa atalalamika nini?

Najua utauliza watoto. Ni kweli ugonjwa unaweza kutembea kwenye ukoo, ingawa watoto wengi wa watu kama sisi hawaugui. Ninachokiogopa mimi ni wiki zile za baada ya kujifungua, kwa mgonjwa wa baipola ndizo mbaya. Daktari ameshalijua hilo, tutalipangia wakati wake. Wewe jiandae kuja kulea, pasipoti usiiache iishe.

Tunakuja Agosti, zabibu zikiwa zinavunwa. Tutalala Dar siku mbili kwanza, safari na usingizi mbovu ndivyo vinavyonipandisha, kisha tupande treni ya umeme mchana. Naomba usiniwekee mkesha wa shukrani. Ibada ya asubuhi naimba hata saa tatu, mkesha hapana. Kichwa kikiniuma usinipe dawa za dukani za ibuprofen, zinaipandisha lithiamu. Tumbo likiharibika kwa joto la kwetu, nipeni maji mengi na mnipeleke kupimwa. Na mkiniona mikono inatetemeka sana, ulimi mzito, natembea kama niliyetoka kilabuni, msiite mchungaji kwanza, iteni gari.

Mpigie mama yake. Usisubiri washenga. Namba utapewa na mdogo wangu. Piga Jumatano, Jumanne anakwenda mnadani hapatikani. Mwambie tu, "Binti yangu anaumwa na anatumia dawa," halafu nyamaza umsikilize. Nina hakika atashusha pumzi kabla hajakujibu.

Mrangi anakusalimia. Amechungulia hapa nilipofika akauliza jana nimelala saa ngapi. Saa nne na nusu, na nimeamka saa kumi na mbili, kwa hiyo haya niliyoandika ni ya mtu aliyelala.

Miwani ya baba mkubwa iko ndani ya soksi nyeusi. Asije mtu akaitupa.

Mwanao